Caroline Herschel: Aliyetakiwa awe mtumishi, akagundua galaksi

Kila Novemba, mnamo saa tatu usiku, galaksi moja hupita juu sana upande wa kusini wa anga la Dar es Salaam. Wakazi wa Kariakoo na wafanyakazi wa bandarini hawaioni, kwani taa za maduka na za kreni huifunika nuru yake hafifu. Aendaye mbali na mji akiwa na darubini ya mkononi huiona kama doa refu la ukungu.

Aliyeigundua alikuwa mwanamke ambaye mama yake alikusudia awe mtumishi wa nyumbani maisha yake yote.

Caroline Herschel alizaliwa Hanover, Ujerumani, Machi 16, 1750. Akiwa mtoto wa miaka 10 alipatwa na homa kali iliyodumaza kimo chake. Mwaka 1772 kaka yake William alimchukua kwenda Uingereza, lakini mama hakuridhia hadi alipoahidiwa fedha za kumwajiri mtumishi mwingine badala yake. Huko akawa mwimbaji. William alipogundua sayari ya Uranus mwaka 1781 na kupewa posho na Mfalme, dada mtu akauacha muziki na kumfuata kwenye darubini.

Usiku wa Septemba 23, 1783, akitumia darubini ndogo aliyotengenezewa na kaka yake, aliiona galaksi hiyo, ambayo leo huitwa NGC 253. Kule Uingereza haipandi zaidi ya nyuzi 13 hivi juu ya upeo wa macho. Dar es Salaam hupita nyuzi 70.

Iko umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 11. Katika kitovu chake nyota huzaliwa kwa kasi isiyo ya kawaida. Zilizo kubwa huishi muda mfupi, kisha hulipuka, na nguvu zake huisukuma nje gesi ambayo ingezaa nyota nyingine. Mwaka 2013 wanaastronomia waliotumia darubini ya ALMA, nchini Chile, walikadiria kuwa gesi inayotoka kwa mwaka huenda ikafikia uzito wa jua letu mara tisa, takriban mara tatu ya ile inayogeuka kuwa nyota. Mfanyabiashara wa Kariakoo angeelewa upesi: mali inayovuja ghalani ni nyingi kuliko inayouzwa. Hivyo galaksi huudhibiti ukuaji wake yenyewe.

Caroline hakuyajua hayo. Kuanzia mwaka 1787 Mfalme alimlipa pauni 50 kwa mwaka, ujira ambao wanawake wa zama zake hawakuupata kwa kazi ya sayansi, na kufikia 1797 alikuwa amegundua kometi nane. William alipofariki mwaka 1822 alirejea Hanover, akaipanga upya orodha ya madoa yote ya ukungu waliyoyaona, kazi iliyompatia nishani ya dhahabu mwaka 1828.

Orodha hiyo aliitayarisha kwa ajili ya mpwa wake, John Herschel, ambaye katika miaka ya 1830 aliitazama NGC 253 akiwa Rasi ya Tumaini Jema, ikiwa karibu na utosi wa anga. Shangazi yake, aliyefariki Januari 9, 1848 akiwa na miaka 97, hakuwahi kuiona ikiwa juu kiasi hicho.