Theo Williamson: fundi aliyechora ampli ambayo kila mtu aliweza kuijenga

Mwezi wa nne mwaka 1947, gazeti la Kiingereza Wireless World lilitoa sehemu ya kwanza ya makala juu ya ampli ya sauti. Sehemu ya pili ilifuata mwezi wa tano. Mwandishi alikuwa kijana wa miaka 24, D. T. N. Williamson, aliyejulikana zaidi kwa jina la Theo. Miaka mitano haikupita, ampli yake ilikuwa inajengwa juu ya meza za nyumbani Uingereza, Australia na Marekani. Jina lake likawa jina la kitu chenyewe: mtu hakusema tena kwamba anajenga ampli, alisema anajenga Williamson.

Mafundi waliochora ampli nzuri ni wengi. Williamson alifanya jambo moja zaidi: alichora ampli ambayo mtu asiyemjua, mwenye chuma cha kulehemu na mita moja tu, angeweza kuijenga na kupata sauti ileile.

Kijana wa kiwanda cha lampi

David Theodore Nelson Williamson alizaliwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1923. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliingia kazi katika M-O Valve, kampuni iliyotengeneza lampi za radio, vile vichupa vya kioo vilivyofanya kazi inayofanywa leo na transista. Kule alikuwa na lampi karibu, vyombo vya kupimia karibu, na hamu kubwa ya muziki.

Siku zile ampli nyingi za nyumbani zilikuwa zinachafua sauti. Mtu alizoea tu, juu santuri zenyewe hazikuwa safi. Lakini mwisho wa vita kampuni ya Decca ilianza kutoa santuri zilizobeba sauti za chini na za juu kuliko zamani. Basi kosa la ampli likaanza kusikika wazi.

Williamson alijiwekea kipimo kigumu: ampli itoe wati 15, ifanye kazi vizuri kuanzia mitikisiko 10 mpaka 20,000 kwa sekunde, na uchafu wa sauti usifike hata sehemu moja kwa elfu.

Shida iliyojificha ndani ya transfo

Njia aliyotumia ilikuwa inajulikana tayari. Unachukua sehemu ndogo ya sauti inayotoka, unairudisha mwanzoni, unailinganisha na ile iliyoingia. Fasi zinapotofautiana, ampli inajisahihisha.

Lakini njia hiyo iko na hatari. Kati ya lampi na bafle kuna transfo ya kutolea sauti. Transfo mbaya inachelewesha sauti. Sauti inayorudi ikichelewa sana, badala ya kusahihisha kosa inaliongeza, na ampli inaanza kupiga kelele yenyewe hata kama hakuna mtu aliyeweka santuri. Wakati mwingine kelele hiyo iko juu sana, sikio haliisikii, lakini lampi zinapata moto na bafle inaharibika.

Hapa ndipo shema ya kawaida inamwacha msomaji njiani. Kwenye karatasi, transfo ni mistari michache iliyopindwa na mingine iliyonyooka katikati. Mafundi wawili wakisoma shema moja, mmoja akanunua transfo nzuri na mwingine akachukua ya bei ya chini, watajenga ampli mbili zisizofanana, ingawa kila mmoja atakuwa na hakika kwamba amefuata mchoro. Yule wa pili atakuwa amepoteza pesa na wikendi nyingi, na hatajua kosa liko wapi.

Kilichoandikwa ndani ya makala

Williamson hakumwacha msomaji hapo. Kwanza alieleza anachotaka ampli ifanye, na sababu yake. Ndipo akaleta shema. Kila resistansi na kila kondansateri ilikuwa na namba yake, na orodha ilisema ni om ngapi, inabeba wati ngapi, na inaruhusiwa kutofautiana kiasi gani. Zile zilizopaswa kufanana mbili mbili ziliandikwa hivyo, ili mtu ajue mapema fasi ya kuchagua kwa makini na fasi ambapo chochote kinafaa.

Lampi zilitajwa kwa majina: L63 nne, KT66 mbili za kutoa nguvu, na U52 moja ya kunyoosha umeme.

Halafu akashuka kwenye transfo yenyewe. Aliandika namna ya kuizungusha waya: vipande kumi vya upande wa lampi, kila kimoja mizunguko 440, tabaka 5 za mizunguko 88, na katikati yao vipande vinane vya upande wa bafle. Unene wa waya ulitajwa. Mtu aliyekuwa na subira angeweza kuitengeneza nyumbani. Asiye na subira angeweza kupeleka ukurasa ule kwa fundi wa transfo, na wote wawili wakaelewana bila kukisia.

Mwisho alieleza namna ya kurekebisha ampli baada ya kulehemu. Kuna vifungo viwili vya kugeuza: kimoja cha kusawazisha lampi mbili za KT66, kingine cha kuweka mkondo wao, mpaka mita ionyeshe miliampea 125 kwa jumla. Ile namba moja ilimpa mjenzi njia ya kujua kama yuko salama. Hakuhitaji kumwuliza mtu.

Watu wanageuza, mambo yanaharibika

Ampli ilipokwenda mbali, vifaa havikuwa vilevile. Marekani, KT66 haikupatikana kwa urahisi. Mwezi wa kumi na moja mwaka 1949, Sarser na Sprinkle walitoa shema yao katika gazeti la Audio Engineering, wakitumia lampi ya 807 iliyokuwa imejaa kule. Walifaulu, juu walijua ni nini kinaweza kubadilishwa na ni nini kisiguswe. Baadaye Heathkit ikauza vifaa vyote ndani ya katoni moja, na watu wasiokuwa mafundi wakajenga.

Wengine hawakufaulu. Walitia transfo yoyote iliyokuwa ndani ya sanduku lao, ampli ikapiga kelele, wakalaumu shema. Maswali ya wasomaji yakawa mengi. Williamson alirudi gazetini mwaka 1949 na shema iliyorekebishwa, kisha akaongeza sehemu ya mbele ya kurekebisha sauti za chini na za juu. Baadaye makala zote zilikusanywa katika kijitabu.

Kuko pia mafundi walioonyesha kwamba ampli ile ilikuwa karibu na ukingo: kwa sauti za chini kabisa, ilibaki nafasi ndogo tu kabla ya kuanza kuyumba. Neno hilo lilikuwa la kweli. Lakini waliweza kulisema kwa sababu kila kitu kilikuwa wazi kwenye karatasi. Hafler na Keroes, Wamarekani wawili, walichukua ampli hiyohiyo mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakabadilisha namna KT66 zinavyounganishwa na transfo, na nguvu ikaongezeka. Shema iliyofichwa nusu haiwezi kusahihishwa na mtu mwingine, wala kuendelezwa.

Kazi nyingine, mpaka mwisho

Williamson mwenyewe hakubaki kwenye ampli. Alihamia Ferranti, Edinburgh, akafanya kazi ya kuongoza mashine za kukata chuma kwa namba. Alishirikiana pia na Peter Walker katika utafiti uliozaa bafle ya Quad inayotumia umeme tuli, iliyoanza kuuzwa mwaka 1957. Baadaye, katika kampuni ya Molins, alibuni System 24, mpango wa mashine za kiwanda kufanya kazi saa 24 usiku na mchana. Mwaka 1968 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama kikubwa cha wanasayansi wa Uingereza. Alifariki mwaka 1992.

Viwanda vinamkumbuka kwa mashine. Wapenda sauti wanamkumbuka kwa kurasa chache za gazeti alizoandika akiwa kijana. Mpaka leo kuna watu wanaozungusha waya mizunguko 440, tabaka 5 za 88, kisha wanageuza kifungo polepole wakiangalia mita mpaka ifike 125.