Heshen: Kipenzi cha mfalme aliyejengea dhahabu ukutani

MFALME Qianlong wa China alipofariki Februari 7, 1799 akiwa na umri wa miaka 87, waziri wake mkuu na mwandani wake Heshen alipoteza ngao ya pekee aliyokuwa nayo. Siku chache baadaye alikuwa korokoroni.

Heshen alizaliwa 1750 katika familia ya Kimanchu na kufiwa na wazazi mapema. Mnamo 1772 alianza kazi ya ulinzi katika kasri la Beijing, ambako utanashati na wepesi wake wa ulimi ulimvutia Qianlong. Kufikia 1776 tayari alikuwa mjumbe wa Baraza Kuu, akiwa na umri wa miaka 26 tu.

Ajabu ni kwamba alijipatia sifa kwa kupambana na ufisadi. Mnamo 1780 alitumwa Yunnan kumchunguza gavana Li Shiyao, akamtia hatiani. Kisha akaugeukia mlo uo huo. Aliposhika usimamizi wa hazina na uteuzi wa maafisa, waliotaka vyeo walimpa mlungula, nao wakaufidia kwa kuwakamua wakulima. Mnamo 1790 mwanawe alimwoa binti kipenzi wa mfalme. Nani angethubutu kumshtaki?

Qianlong aling'atuka 1796, lakini kwa jina tu. Mwanawe Jiaqing aliketi kitini huku Heshen akiendelea kutamba. Mwaka uo huo uasi wa White Lotus ulizuka, na fedha za kuwalipa wanajeshi zikaishia mifukoni mwa makamanda. Jiaqing aliyaona yote, akanyamaza, akasubiri.

Baba alipofumba macho, mwana hakungoja matanga yaishe. Heshen alisomewa mashtaka 20. Ilidaiwa alikuwa na bangili za lulu zaidi ya 200, kuwashinda hata wafalme, na dhahabu iliyofichwa ndani ya kuta za nyumba yake. Adhabu ya kukatwakatwa polepole ilibadilishwa. Februari 22, 1799, alipewa kitambaa cha hariri ajinyonge.

Mwanawe alinusurika kwa sababu ya mkewe, dadake mfalme. Jiaqing hakuwasaka maafisa wengi waliokula na Heshen, na huenda hapo ndipo alipokosea, kwani hongo haikukoma serikalini. Jumba la Heshen baadaye lilimilikiwa na Mwanamfalme Gong, na leo ni makavazi jijini Beijing.