Habari za Bibi Rachel Carson

Wanafunzi wapenzi, mimi nami nilikaa katika madarasa hayo mnayokaa ninyi, na nilipomaliza masomo nilirudi kwetu kulima nyanya. Katika mwaka wangu wa tatu wa ukulima nilinyunyizia dawa kila Jumamosi, nione mdudu nisione. Jioni moja niliosha bomba langu kijitoni, na asubuhi nikakuta vijisamaki vimeelea matumbo juu, mahali pale pale watoto wa jirani wanapoteka maji. Namshukuru Mungu hakuna mtoto aliyeugua, lakini nilishikwa na aibu kubwa. Nilikwenda kumweleza mwalimu wangu wa zamani wa kilimo. Hakunigombeza, alinipa kitabu cha maisha ya bibi mmoja wa Marekani, akaniambia nikisome chote. Habari za bibi huyo ndizo ninazotaka kuwaeleza leo.

Rachel Carson alizaliwa tarehe 27 Mei, mwaka wa 1907, katika mji mdogo wa Springdale, jimbo la Pennsylvania. Wazazi wake hawakuwa matajiri. Mama yake alipenda kumtembeza mashambani na vichakani, akimfundisha habari za ndege na maua. Alipokuwa na umri wa miaka 11 hadithi yake ilichapwa katika gazeti la watoto, na tangu hapo alitaka kuwa mwandishi. Lakini alipofika chuoni alivutwa sana na elimu ya viumbe, akaiacha elimu ya lugha na kushika hiyo. Mwaka wa 1932 alipata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins.

Baba yake alifariki mwaka wa 1935, na dada yake akafuata mwaka wa 1937, akaacha binti wawili. Mzigo wa nyumba ukamwangukia yeye. Akafanya kazi katika idara ya serikali iliyoshughulikia samaki, mchana akiandika taarifa za ofisi na usiku vitabu vyake. Kitabu chake cha bahari, kilichotoka mwaka wa 1951, kilisomwa na watu wengi mno hata akaweza kuacha kazi ya ofisi na kuishi kwa kalamu yake.

Wakati huo dunia yote ilikuwa ikiisifu dawa ya DDT. Nguvu yake ya kuua wadudu ilivumbuliwa mwaka wa 1939 na Paul Müller wa Uswisi, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1948. Wakati wa vita iliwaokoa watu wengi na homa iletwayo na chawa, na pia malaria. Basi watu wakadhani haina madhara, wakaimwaga kwa ndege za angani juu ya mashamba, misitu na hata miji.

Mwezi wa Januari 1958 rafiki yake mmoja wa Massachusetts alimwandikia kwamba ndege za angani zimenyunyizia dawa ya mbu, na ndege wa porini wakafa kuizunguka nyumba yake. Bibi Carson akaanza kuuliza wataalamu na kukusanya taarifa. Kazi hiyo ilimchukua zaidi ya miaka minne.

Sikilizeni jambo moja aliloligundua katika taarifa hizo. Katika ziwa la Clear Lake, California, walitaka kuwaua vijinzi wanaofanana na mbu ingawa hawaumi. Mwaka wa 1949 walitia dawa iliyo ndugu ya DDT, kwa kipimo kidogo sana, sehemu moja kwa sehemu milioni 70 za maji. Vijinzi waliporudi, wakatia tena, na kipimo kikaongezwa. Kisha ndege wapiga mbizi wakaanza kufa. Vijidudu vya majini vilikuwa vimeimeza dawa, samaki wadogo wakavila vijidudu, samaki wakubwa wakawala wadogo, na ndege wakala samaki. Dawa haikutoka mwilini, bali ilizidi kujilimbika kwa kila mlaji. Katika mafuta ya ndege hao zilipatikana sehemu 1,600 kwa milioni. Niliposoma hayo nilikumbuka kijito chetu.

Mwaka wa 1960 Bibi Carson alipatikana na kansa ya titi. Aliificha, maana alijua wapinzani wake wangesema kwamba ameandika kwa uchungu wa ugonjwa. Kitabu chake, Silent Spring, kilitoka Septemba 1962. Jina hilo lina maana ya majira ya kuchipua yaliyo kimya, yasiyo na sauti ya ndege. Makampuni ya dawa yalimshambulia vikali. Wengine walisema ni mwanamke asiyejua kitu, wengine kwamba anataka njaa irudi duniani. Lakini Mei 1963 kamati ya wataalamu wa Rais Kennedy ilitoa taarifa iliyokubaliana naye katika mambo makubwa. Mwezi wa Juni, akiwa mgonjwa sana, alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Baraza la Seneti. Alifariki tarehe 14 Aprili, mwaka wa 1964, akiwa na umri wa miaka 56. Marekani ilipiga marufuku DDT katika kilimo mwaka wa 1972, yeye asiyaone hayo.

Wako wasemao kwamba alitaka dawa zote zitupwe. Si kweli. Alitaka zitumiwe kwa kipimo na kwa maarifa, na katika sura ya mwisho alionyesha njia nyingine. Alieleza habari za kisiwa cha Curaçao, ambako mwaka wa 1954 wataalamu waliwafuga nzi waharibifu wa ng'ombe, wakawafanya madume tasa kwa mionzi, wakawaachia. Majike waliopandwa nao walitaga mayai yasiyoanguliwa, na nzi hao wakaisha kisiwani.

Njia hiyo ilifika hata pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kisiwani Unguja mbung'o walipunguzwa kwanza kwa dawa, kisha tangu mwaka wa 1994 mbung'o madume tasa waliofugwa Tanga wakamwagwa kwa ndege za angani. Mwaka wa 1997 Unguja ilitangazwa kuwa haina mbung'o tena.

Alitaja pia bakteria wa udongoni anayeua viwavi, ambaye wakulima walimtumia kama unga wa kunyunyizia. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wameitia sehemu ya urithi wa bakteria huyo ndani ya pamba na mahindi, mmea ukajikinga wenyewe, na katika nchi nyingi unyunyiziaji wa pamba umepungua. Hata hivyo viwavi wa mahali kadha wa kadha wameizoea sumu hiyo, kama vile wadudu walivyoizoea DDT. Bibi Carson alikwisha kuonya juu ya usugu huo wa wadudu.

Mimi sasa bomba langu silioshi kijitoni. Asubuhi napita kati ya mistari ya nyanya, nageuza majani na kuhesabu wadudu, nikitazama pia wale wanaowala wenzao. Msimu uliopita nilinyunyizia mara nne tu, na nyanya nilivuna. Vijisamaki wamerudi. Ninyi mnaosoma elimu ya viumbe msidhani ni masomo ya mtihani tu. Kuna kijito kinachowangoja nyumbani.