Mbaraka Mwinshehe

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka (1944 – Januari 1979) alikuwa mpiga gitaa la solo, mwimbaji na mtunzi wa muziki wa dansi kutoka Tanzania. Anajulikana hasa kwa kazi zake akiwa na Morogoro Jazz Band na baadaye Orchestra Super Volcano.

Kuanza muziki

Aliacha shule ya sekondari kabla ya kumaliza na kuufuata muziki. Wakati huo Morogoro, ingawa ni mji mdogo ukilinganishwa na Dar es Salaam, ilikuwa na bendi mbili zilizosikika nchi nzima. Moja ilikuwa Cuban Marimba ya Salum Abdallah, iliyofuata sana mapigo ya Kikuba. Ya pili ilikuwa Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, mwaka uleule aliozaliwa Mbaraka. Alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1965 Salum Abdallah alifariki katika ajali ya gari, na Cuban Marimba ikaongozwa na Juma Kilaza. Ushindani wa bendi hizo mbili uliendelea, na mji ukafaidika.

Morogoro Jazz

Haikuchukua muda Mbaraka akawa ndiye anayetambulisha bendi. Gitaa lake halikuwa la kusindikiza tu: aliimba ubeti, kisha gitaa likajibu kana kwamba ni mwimbaji wa pili. Nyimbo nyingi za wakati huo zilitolewa kwenye santuri ndogo na kugawanywa sehemu mbili. Upande wa kwanza ulibeba maneno, na upande wa pili ukaachiwa magitaa na saksafoni kwa ajili ya wachezaji. Mtindo huo ulimfaa sana.

Mwaka 1970 bendi ilikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya dunia ya Expo 70. Kwa bendi ya mkoani hilo halikuwa jambo dogo.

Tungo zake zilihusu mapenzi, masimango, pesa na matukio ya nchi. Dkt. Wilbert Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, alipouawa na mkulima huko Isimani tarehe 25 Desemba 1971, katika mvutano uliohusu vijiji vya ujamaa na ardhi, Mbaraka alimtungia wimbo wa maombolezo.

Super Volcano

Mwaka 1973 aliiacha Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano. Uamuzi huo ulikuwa wa hatari. Katika miaka hiyo vyombo vya muziki kwa kawaida vilikuwa mali ya bendi au ya mwenye bendi, na mwanamuziki aliyeondoka aliondoka mikono mitupu. Tena bendi nyingi zilikuwa zikiingia chini ya mashirika ya umma na jumuiya za chama, zikilipa mshahara, ilhali yeye alitegemea jina lake na viingilio vya mlangoni.

Kilichomsaidia kilikuwa Nairobi. Radio Tanzania ilirekodi bendi na kuzirusha hewani hadi vijijini, lakini Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Aliyetaka santuri alivuka mpaka. Mbaraka alirekodi Nairobi, na nyimbo zake zikauzwa Kenya kama nyumbani. Wimbo wa Shida uliuzwa kwa wingi mno na bado ndio unaotajwa kwanza jina lake linapotajwa. Hata Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka kufungwa mwaka 1977, wapenzi wake wa Kenya hawakumwacha.

Kifo

Alifariki Januari 1979 kutokana na ajali ya gari mjini Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34. Ni mwanamuziki wa pili mkubwa wa Morogoro kuuawa na barabara, baada ya Salum Abdallah. Tanzania wakati huo ilikuwa vitani na Uganda ya Idi Amin, lakini habari za kifo chake zilitikisa pande zote mbili za mpaka wa Kenya.

Santuri baada ya kifo

Polygram ya Kenya ilikusanya nyimbo zake katika mfululizo wa santuri kubwa ulioitwa Ukumbusho. Baadaye nyimbo za enzi ya Morogoro Jazz zilitolewa kwenye CD na kampuni ya Dizim ya Ujerumani. Redio za Tanzania na Kenya huzipiga hadi leo katika vipindi vya zilipendwa.