Paco Bultó, baba wa pikipiki zilizopanda miamba

Mfanyabiashara wa Awindiri akiacha lami ya barabara ya Arua–Koboko na kuingia njia za vijijini wakati wa mvua, pikipiki yenye mbio haimfai kitu. Anahitaji ile inayovuta taratibu kwenye tope bila kuzima. Aliyelielewa jambo hilo mapema ni Mhispania Francisco Xavier Bultó, aliyejulikana zaidi kwa jina la Paco.

Alizaliwa Barcelona mwaka 1912. Katikati ya miaka ya 1940 alishirikiana na Pere Permanyer kuanzisha kiwanda cha pikipiki cha Montesa. Mwaka 1958 hali ya biashara ilikuwa ngumu, na kampuni ikaamua kuacha mashindano ili kupunguza gharama. Bultó aliamini kwamba mashindano ndiyo yanayotengeneza pikipiki nzuri. Akajitoa.

Mafundi kadhaa wa idara ya mashindano walimfuata. Wakaanza kazi katika majengo ya shamba la familia yake, na mwaka 1959 wakatoa pikipiki yao ya kwanza, Tralla 101. Jina la kampuni, Bultaco, liliunganisha Bultó na Paco. Nembo yake ilikuwa kidole gumba kilichoinuliwa, ishara ya dereva wa mashindano anayewajulisha mafundi wake kuwa mambo ni shwari.

Mwaka 1964 Bultó alimwita Sammy Miller wa Belfast, bingwa wa mashindano ya trayali. Katika mchezo huo mbio si hoja. Dereva hupita juu ya mawe, matope na mito, na kila akigusa chini kwa mguu hupata alama za adhabu. Miller alikuwa akishinda kwa Ariel ya Uingereza, pikipiki nzito ya sisi 500. Pamoja na mafundi wa Bultó alijaribu, akabadilisha na kujaribu tena, hadi ikapatikana Sherpa T: injini ya mipigo miwili ya sisi 244, mwili mwepesi, na nguvu inayopatikana hata injini ikizunguka polepole. Ilipewa jina la Washerpa, watu wa Nepal wanaosifika kwa kubeba mizigo katika milima ya Himalaya.

Mwaka 1965 Miller alishinda nayo mashindano ya siku sita ya Scotland, na enzi ya mashine nzito za Uingereza katika mchezo huo ikafikia ukingoni. Ubingwa wa dunia ulipoanza mwaka 1975, Bultaco iliuchukua miaka mitano mfululizo, kupitia Martin Lampkin, Yrjö Vesterinen mara tatu, na Bernie Schreiber.

Hata hivyo mataji hayakuokoa kiwanda. Kwa miaka mingi soko la Hispania lilikingwa dhidi ya pikipiki za nje, na Bultaco ilitegemea pia wanunuzi wa Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mauzo yalishuka, migomo ikazuka, na mwaka 1983 milango ikafungwa. Montesa, aliyoiacha, iliingia mikononi mwa Honda ya Japani na ikaendelea kutengeneza pikipiki za trayali.

Bultó alifariki mwaka 1998. Anayefanya biashara mpakani ana la kujifunza kwake: ubora wa bidhaa ulimfungulia masoko ya mbali, lakini kinga ya nyumbani haikumwandaa kwa siku ambayo washindani wangeingia.