Seyyid Said na Mikarafuu ya Unguja

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kusikia jina la Seyyid Said bin Sultan, na mara nyingi husifiwa kwa jambo moja, kwamba aliifanya Unguja kuwa nchi ya karafuu. Sifa hiyo ni haki yake. Walakini katika habari za maisha yake twaona pia jinsi kisiwa kilichojilisha chenyewe kilivyogeuka kikawa cha kungojea chakula chake bandarini. Jambo hili latupasa kulifikiri, kwa maana vijiji vyetu vingi hupanda kahawa na pamba kwa ajili ya soko la mbali.

Alizaliwa mwaka 1791 huko Sumail katika nchi ya Oman. Baba yake aliuawa mwaka 1804, na mwaka 1806 kijana huyu akashika utawala, baada ya kumwua jamaa yake Badr bin Saif. Vita vyake vya Oman hatutavisimulia, maana ni vingi. Yatosha kusema kwamba nchi ile ina mawe na mchanga kuliko mashamba, na watu wake tangu kale hutafuta riziki baharini. Mwaka 1828 alifika Unguja kwa mara ya kwanza, akaona mito, minazi, na udongo mzuri wa upande wa magharibi. Hata yapata mwaka 1840 akaufanya mji wa Unguja kuwa makao yake makuu.

Mikarafuu hakuileta yeye. Mwarabu mmoja, Saleh bin Haramil, alikuwa ametangulia kuipanda Mtoni na Kizimbani, kwa miche iliyotoka visiwa vya Wafaransa. Seyyid Said aliyatwaa mashamba ya mtu huyo, kisha akaliendeleza jambo lenyewe kwa nguvu zake zote. Tufahamu kwa nini karafuu zilikuwa ghali siku zile. Asili yake ni visiwa vya Molucca, na Waholanzi waliovitawala walikuwa wakikata mikarafuu mingine makusudi, ili karafuu ziwe haba na bei isishuke. Basi thamani yake ilitoka katika uhaba wake, na mtu akiipanda kwa wingi aiondoa thamani ile ile aliyoifuata.

Yasimuliwa kwamba Seyyid Said aliamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na asiyetii anyang'anywe shamba lake. Tena watu hawakuhitaji kushurutishwa sana, kwa sababu waliona faida ya wenzao. Minazi na miti ya matunda ikakatwa, na kilimo cha mpunga kikaachwa nyuma. Wahadimu, wenyeji wa kisiwa, wakapoteza sehemu kubwa ya ardhi njema ya magharibi, wakabaki upande wa mashariki na kusini wenye mawe, ambako chakula hupatikana kwa shida. Binti yake Seyyid Said, Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye akaitwa Emily Ruete, ameandika kwamba baba yake mwenyewe alikuwa na mashamba 45.

Na nani aliyechuma? Karafuu haingoji, ikikomaa yataka mikono mingi kwa wakati mmoja, iichume kabla haijachanua, iichambue, na kuianika juani. Mikono hiyo ilikuwa ya watumwa waliochukuliwa bara, katika nchi za mababu wa wengi wetu tunaosoma ukurasa huu. Mapatano ya mwaka 1822 yalimzuia Seyyid Said asiruhusu watumwa kuuzwa kwa mataifa ya Kikristo. Na mapatano ya mwaka 1845, yaliyoanza kutumika mwaka 1847, yalizuia wasipelekwe Arabuni. Mlango wa nje ulipofungwa, mashamba ya Unguja yaliendelea kuwameza watu. Hesabu ya utajiri wa kisiwa haikuwahesabu hao ila kama mali.

Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka sita au saba hivi. Kwa hiyo mtu hupanda akiitazama bei ya leo, naye huvuna kwa bei waliyoiharibu jirani zake wote waliopanda pamoja naye. Ndivyo ilivyokuwa. Bei ya frasila moja, iliyokuwa yapata dola 10 mwaka 1830, ikashuka, na alipokufa Seyyid Said ilikuwa sehemu ndogo tu ya ile ya kwanza. Mwenye shamba alipoona bei imeshuka, aliona dawa ni kuuza karafuu nyingi zaidi. Akakopa kwa matajiri wa Kihindi, akaweka shamba rehani, akapanda tena. Hatuwezi kumcheka, kwa maana mtu mwenye deni hana nafasi ya kupanda mpunga.

Wakati huo huo biashara ya mji ilistawi. Seyyid Said alifanya mapatano na Marekani mwaka 1833, na Waingereza mwaka 1839, na Wafaransa mwaka 1844. Mwaka 1840 merikebu yake Sultana ilifika New York ikiwa na pembe, karafuu, ngozi, tende na kahawa. Nguo za pamba za Marekani zikaenea pwani na bara hata zikaitwa merikani. Forodha ilijaa fedha.

Tusimnyime haki yake. Alikuwa mtu mpole kwa wageni, na mwaka 1844 alimpokea mmisionari Krapf vema, akampa barua ya kumsaidia alipokwenda Mombasa.

Alifariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856, akirudi kutoka Oman, merikebu yake ikiwa karibu na visiwa vya Shelisheli. Akazikwa Unguja, karibu na jumba lake.

Mwaka 1872 tufani kubwa iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ikasalimika. Karafuu zikawa haba, bei ikapanda, na watu wakapanda upya. Mchele ukaendelea kuja kwa meli, hata mwaka 1942 Wajapani walipoitwaa Burma, na mchele wa huko ukakatika. Chakula kikagawiwa kwa kipimo, na watu wakahimizwa kulima muhogo na mpunga katika kisiwa hicho hicho kilichokuwa kimejaa mikarafuu. Vita vilipokwisha mchele ulirudi bandarini. Baadaye mnunuzi mkuu wa karafuu akawa Indonesia, nchi yenye visiwa vya Molucca, ambayo watu wake huzitia katika sigara. Nayo ikapanda mikarafuu yake yenyewe, na katika miaka ya 1980 ikaacha kununua kama zamani, na bei ya Unguja na Pemba ikaanguka tena.