Walter Rodney: Profesa aliyenyimwa kazi kwao

Wengi mnamfahamu Walter Rodney kwa kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Leo tunamtazama kama mwajiriwa.

Alizaliwa Georgetown, Guyana, mwaka 1942, mtoto wa fundi cherehani. Akiwa na miaka 24 alipata shahada ya uzamivu London, kisha akaja kufundisha historia Dar es Salaam.

Mwaka 1968 alihamia chuo kikuu cha Jamaica. Oktoba alikwenda mkutanoni Kanada. Aliporudi, serikali ilimzuia kushuka kwenye ndege. Alikuwa na mazoea ya kukaa na Marasta na maskini wa Kingston, akiwafundisha historia ya Afrika, na hilo liliwakera wakubwa. Wanafunzi waliandamana, mji ukachafuka, lakini kazi ikawa imekwisha. Mwaka 1969 alirudi Dar es Salaam.

Kwa kawaida mhadhiri mpya huanza kwa kipindi cha majaribio. Akifanya vizuri, huthibitishwa kazini, na baada ya hapo hapaswi kuondolewa kwa sababu ya maoni yake. Kinga hiyo humwezesha mtafiti kusema alichokigundua hata kama kinamuudhi mwenye madaraka. Rodney, huko kwao, hata hayo majaribio hakuyaanza. Mwaka 1974 aliondoka Dar es Salaam baada ya kuteuliwa profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Guyana. Wasomi wenzake walikuwa wamempitisha. Bodi ya juu ya chuo ikaufuta uteuzi. Ana mke na watoto watatu, na mshahara hakuna.

Angeweza kuhama tena. Alibaki, akijikimu kwa kualikwa kufundisha nje ya nchi kwa vipindi vifupi, huku akitafiti historia ya wafanyakazi wa Guyana na kuipinga serikali ya Forbes Burnham. Tarehe 13 Juni 1980 bomu lilimuua ndani ya gari, akiwa na miaka 38. Utafiti wake ulitoka kama kitabu mwaka uliofuata. Mwaka 2016 tume ya uchunguzi iliihusisha serikali ya wakati ule na mauaji hayo.

Cheti chake cha kifo, kwenye nafasi ya kazi, kiliandikwa kwamba hakuwa na ajira. Mwaka 2021 ndipo serikali ya Guyana ilipotangaza kwamba kitarekebishwa, kisomeke profesa.